Shule ya Biashara na Samaki wa Ziwa Viktoria: Utafiti Mtambuka ni Kitu Gani?

Juni 2022 walimu wa masomo ya sanaa nchini Uganda waligoma, baada ya serikali kuamua kuwapandishia wenzao wa sayansi wenye shahada mshahara hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi. Tangu hapo mjadala mmoja haujazimika: masomo yenye faida ni yapi, na yasiyo na faida ni yapi? Mzazi anayeuza kipande cha shamba ili alipe karo ya chuo ana haki ya kuuliza hivyo. Lakini mjadala umeigawa elimu mafungu mawili, sayansi huku na sanaa kule, na masomo ya biashara yamebaki yakining'inia katikati. Kuna wanaoyahesabu kuwa sanaa. Kuna wanaoyaona ni njia ya kupata kiti benki, basi. Na chuo kinapotangaza kwamba shule yake ya biashara inachunguza uvuvi, malaria au maisha ya wakimbizi, watu hushangaa: hesabu za mauzo na mbu wapi kwa wapi?

Mimi naamini vinakutana mahali pengi kuliko tunavyodhani. Chukua tatizo lolote kubwa linalotusumbua, ulifuatilie hadi chini, utamkuta mtu anayenunua, anayeuza, anayekopa, anayeajiri au anayegawa kidogo alicho nacho. Mtu huyo haishi ndani ya somo moja. Ana afya yake, ndoa yake, madeni yake, ardhi yenye kesi au isiyo na kesi, na imani yake. Anayetaka kumwelewa kwa somo moja atamwelewa nusu.

Tuweke maneno sawa kwanza. Shule ya biashara ni sehemu ya chuo kikuu inayofundisha na kuchunguza jinsi watu wanavyojipanga ili kuzalisha, kuuza, kuajiri na kuongoza. Uhasibu umo humo, masoko yamo, ununuzi na ugavi umo, ujasiriamali umo. Mambo hayo hayaishi madukani peke yake. Hospitali ya wilaya huagiza dawa na kuzipokea zikiwa zimechelewa. Hilo ni suala la ugavi. Kambi ya wakimbizi ya Nakivale ina masoko yake. Kamati inayojenga msikiti au kanisa ina mtu wa kushika daftari la michango, na daftari hilo likipotea, waumini hugombana kama washirika wa kampuni.

Taaluma ni uwanja wa elimu wenye maswali yake na namna yake ya kutafuta majibu. Mhasibu huuliza fedha ziliingiaje na zikatokaje. Mwanasaikolojia huuliza mtu alikuwa anafikiri nini alipozitumia. Mwanabiolojia hutazama ziwa akauliza samaki wanazaliana kwa kasi gani. Utafiti mtambuka ni ule ambamo hao wote wanaulizana swali moja tangu mwanzo, wanakusanya taarifa pamoja, na jibu linalopatikana asingelipata yeyote kati yao akiwa peke yake.

Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa, kwa sababu kuna mambo yanayofanana na huo utafiti lakini siyo. Fikiria rolex ya barabarani, ile ya chapati na mayai inayouzwa mtaa wa Wandegeya, Kampala, usiku kucha. Ukiletewa chapati kwenye sahani moja na mayai kwenye sahani nyingine, umepata chakula, lakini rolex hujapata. Mikutano mingi ya vyuo iko hivyo: daktari anasoma karatasi yake, mchumi anasoma yake, wanapiga picha ya pamoja, kila mmoja anarudi ofisini kwake. Rolex yenyewe ni mayai yaliyopigwa pamoja na nyanya, kitunguu na kabichi, yakakunjwa ndani ya chapati, na hapo huwezi tena kuyatoa mayai yakiwa kamili. Kisha kuna hatua ya tatu: mnunuzi amesimama kando ya jiko anasema chumvi punguza, pilipili ongeza. Huyo ni mwananchi anayeshiriki kulitunga swali la utafiti, badala ya kungoja kuhojiwa mwishoni.

Shule inayotajwa zaidi Uganda katika mambo haya ni Makerere University Business School, MUBS, iliyoko Nakawa jijini Kampala. Ilianzishwa 1997 kwa kuunganisha kitivo cha biashara cha Chuo Kikuu cha Makerere na chuo cha taifa cha masomo ya biashara kilichokuwa hapo hapo Nakawa. Ina matawi Jinja, Mbale, Mbarara na Arua. Makerere yenyewe inacho chuo chake cha biashara na uongozi, na taasisi ya uongozi inayowanoa watumishi wa umma, UMI, ipo tangu 1968. Duniani shule hizi ni za zamani zaidi. Wharton ya Marekani ilifunguliwa 1881. Kwa muda mrefu zilipimwa kwa mishahara ya wahitimu wake. Mwaka 2020, AACSB, shirika kubwa linalozipa shule za biashara ithibati ya kimataifa, liliandika upya viwango vyake na kuzitaka zioneshe pia zimeifaidi jamii kwa namna gani. Ndiyo sababu siku hizi unasikia msamiati huu kila mahali. Msamiati ni rahisi kuutamka. Kazi yenyewe ndiyo ya kutazama.

Samaki aliyekataliwa Ulaya

Sangara hakuwa wa Ziwa Viktoria. Aliletwa katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa ametawala ziwa lote, huku aina nyingi sana za furu, wale samaki wadogo wa asili, zikitoweka. Viwanda vya minofu vikajengwa Kampala, Jinja na Entebbe, ndege zikabeba minofu kwenda Ulaya, na samaki akawa miongoni mwa bidhaa kuu zinazoiletea Uganda fedha za kigeni. Kisha kati ya 1997 na 1999 Umoja wa Ulaya ukafunga mlango zaidi ya mara moja. Katazo la 1999 lilitokana na hofu kwamba kuna wavuvi waliokuwa wakivua kwa sumu ya wadudu. Viwanda vikasimama, na watu waliokuwa wakikata minofu wakarudi nyumbani mikono mitupu.

Mpe tatizo hilo mhasibu peke yake, atakuandikia hasara ya kiwanda. Mkemia atakuambia ni sumu gani na kiasi gani kinamdhuru mlaji. Mwanasheria ataonesha pengo katika ukaguzi. Wote wako sahihi. Na bado hakuna hata mmoja aliyejibu swali linalouma kuliko yote: mtu anawezaje kutia sumu katika maji ambayo watoto wake wanayanywa?

Jibu linaanzia mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga na samaki kuuzwa. Wavuvi wengi hawamiliki mtumbwi wala nyavu. Wanakopeshwa nyavu, injini au petroli na tajiri, na kwa kuwa wanadaiwa, samaki wote hupitia kwa tajiri huyo kwa bei anayoitaja yeye. Usiku ukiwa mbaya deni linabaki pale pale, na petroli ya usiku unaofuata inaongezwa juu yake. Hali hiyo inamsukuma mtu kwenye nyavu za macho madogo, na wengine kwenye sumu. Ongeza afya: utafiti uliofanywa kando ya ziwa upande wa Rakai mwanzoni mwa miaka ya 2010 ulikuta karibu watu wazima 40 kati ya kila 100 katika jamii za wavuvi wana virusi vya Ukimwi, mara kadhaa juu ya wastani wa taifa. Ongeza kuzama, ambako mwaloni huwa hakushangazi mtu. Mshauri wa fedha anayefika hapo na somo lake la kuweka akiba ya uzeeni atasikilizwa kwa heshima, kisha watu wataendelea na yao, kwa sababu hakuuliza uzee wenyewe wanautarajia kwa kiasi gani.

Sasa tazama siasa. Mwaka 2003 Uganda iliweka kisheria kamati za usimamizi wa mialo, wavuvi na wachuuzi wakipewa sauti katika ulinzi wa ziwa lao. Mwaka 2015 rais alizisimamisha, zikituhumiwa kula rushwa na kufumbia macho uvuvi haramu. Mwaka 2017 jeshi likaingia ziwani kusimamia sheria, pamoja na ile inayokataza sangara chini ya inchi 20 na ngege chini ya inchi 11. Wenye viwanda walifurahi kupata samaki wakubwa tena. Jamii za wavuvi zililalamika kuhusu vipigo na mitumbwi kuchomwa moto, na malalamiko hayo yakafika bungeni. Wakati huo huo bei ya mabondo, ile mifuko ya hewa iliyo tumboni mwa samaki inayonunuliwa China, ilikuwa imepanda kiasi cha kubadilisha mahesabu ya biashara nzima, hata ugomvi wa nani anamiliki bondo, aliyevua au aliyenunua samaki, ukawa ugomvi wa kila siku.

Hapa shule ya biashara ina kazi halisi. Inaweza kukaa na wanabiolojia wa samaki wanaopima urefu, wahasibu wanaofungua daftari la mtumbwi mmoja mmoja, na watu wa elimu ya jamii wanaojua nani anamdai nani. Wakiziweka taarifa hizo pamoja wanaweza kupima jambo ambalo hakuna askari wala mkaguzi anayeweza kulipima akiwa peke yake: mvuvi akiweza kukopa petroli mahali pengine kwa riba ya haki, je, anaacha nyavu haramu? Kama anaacha, basi chama cha kuweka na kukopa kinaweza kuokoa samaki wachanga wengi kuliko boti ya doria. Kama haachi, tutajua na hilo, tutafute kwingine.

Na asije mtu akasema huo si uchumi wa kweli. Elinor Ostrom, aliyepewa Tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 2009, alikuwa mtaalamu wa sayansi ya siasa. Alitumia maisha yake kuchunguza jinsi watumiaji wa misitu, mifereji ya maji na maeneo ya uvuvi wanavyoweza kujiwekea kanuni na kuzifuata bila kusubiri serikali wala kampuni iwamiliki.

Darasa linaloanza na mtaji wa kurudisha

Kuna dhana kwamba shule ya biashara hufundisha watu kuwa wafanyabiashara, na kwa kuwa matajiri wengi wa Kikuubo, mtaa wa maduka ya jumla Kampala, hawakusoma, basi shule haina maana. Sehemu ya kwanza ya dhana hiyo ndiyo yenye kasoro. Uganda haina upungufu wa watu wanaoanzisha biashara. Katika uchunguzi wa kimataifa wa ujasiriamali wa mwaka 2014, ambao kwa Uganda ulifanywa na MUBS, zaidi ya mtu mzima 1 kati ya 3 alikuwa ameanzisha biashara au anaiendesha ikiwa bado changa, miongoni mwa viwango vya juu kabisa duniani. Uchunguzi huo huo uliiweka nchi hii juu pia kwa biashara zinazofungwa. Tunaanza kwa wingi na tunafunga kwa wingi. Swali la shule ni kwa nini.

Walimu wa MUBS walilijibu kwa namna ninayoiona kuwa mfano bora tulio nao nchini. Waliungana na wanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Leuphana cha Lüneburg, Ujerumani, wakatengeneza mafunzo yanayoitwa STEP. Kwa wiki 12 wanafunzi wanakaa katika vikundi na kuendesha biashara ndogo ya kweli. Kikundi hupewa mtaji usiozidi dola 100, na mwisho wa mafunzo mtaji hurudishwa. Nadharia iliyo chini yake imetoka kwenye saikolojia: mtu huanzisha jambo kwa sababu ameshafanya tendo dogo, akakosea, akarekebisha, na mwili ukazoea kutenda. Kusoma sura kumi za kitabu hakumpi mazoea hayo.

Kisha wakafanya jambo ambalo wengi hulikwepa. Wakajipima. Wanafunzi waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakapata mafunzo na wengine wakawa kundi la kulinganishia, na wote wakafuatiliwa baada ya mafunzo kwisha. Waliofundishwa walianzisha biashara zaidi. Makala yao ilitoka 2015 katika jarida la kimataifa la elimu ya uongozi, na majina mengi yaliyo juu yake ni ya walimu wa Nakawa. Mafunzo hayo yamesambaa nchi nyingine tangu hapo. Ningependa wazazi wengi wajue kwamba jambo hili lilisukwa Kampala, kwa sababu tumezoea kudhani maarifa hutoka ng'ambo yakiwa yameshakamilika.

Fedha ile ile, mlango tofauti

Februari 2022, wilayani Kibuku, ulizinduliwa Mpango wa Maendeleo ya Parishi, ule unaoitwa PDM hata na bibi vijijini. Kila parishi, yaani eneo la utawala lenye vijiji kadhaa, hupangiwa shilingi milioni 100 kwa mwaka, kaya inakopeshwa hadi milioni 1 kupitia SACCO, yaani chama cha kuweka na kukopa, ya parishi kwa riba ya asilimia 6 kwa mwaka, na lengo ni asilimia 39 ya kaya ambazo serikali ilisema zinalima cha kula tu. Kila baraza la kahawa, kutoka Malaba hadi Arua, lina kisa cha PDM. Huyu alinunua nguruwe, nguruwe akafa. Yule kaoa mke wa pili. Wengine wamejenga choo na kununua ng'ombe wa maziwa. Watu wanabishana kama fedha za namna hii zinasaidia au zinapotea, na wanabishana kana kwamba hakuna aliyewahi kupima.

Yupo aliyepima, na alipima hapa hapa. Mwaka 2008 serikali ilitoa ruzuku kwa vikundi vya vijana wa kaskazini mwa Uganda waliotaka kujifunza ufundi kama ushonaji, useremala na uchomeleaji. Ikija kwa mtu mmoja mmoja ilikuwa karibu dola 400, fedha nyingi kuliko wengi wao walivyokuwa wakipata kwa mwaka. Kwa kuwa waombaji walizidi fedha, vikundi vilichaguliwa kwa bahati nasibu, na watafiti Christopher Blattman, Nathan Fiala na Sebastian Martinez wakawafuatilia waliopata na waliokosa. Baada ya miaka 4, waliopata walikuwa na kipato cha juu kwa asilimia 38. Baada ya miaka 9, pengo la kipato lilikuwa limekaribia kufutika kwa kuwa waliokosa nao walikuwa wamejikokota wakawafikia, ingawa waliopata walibaki na mali zaidi na ufundi zaidi.

Tafakari majibu hayo mawili. Aliyesoma la miaka 4 peke yake atasema fedha zimefanikiwa, na aliyesoma la miaka 9 peke yake atasema zimepotea bure. Ukiyasoma pamoja unaona kwamba ruzuku iliwavusha watu haraka mahali ambapo wenzao walifika kwa taabu ya miaka mingi, na kwa kijana mwenye watoto miaka mitano ya nafuu si kitu kidogo. Watafiti hao waliuliza pia mambo ambayo mchumi wa kawaida asingeyauliza: je, vijana wenye kazi wanapunguza vurugu? Hawakuona badiliko la maana. Je, wanaishukuru serikali kwenye sanduku la kura? Walikuta waliopata ruzuku wakiwaunga mkono wapinzani zaidi kuliko waliokosa. Maswali hayo yametoka sayansi ya siasa, na yanamhusu kila anayepanga kugawa fedha kabla ya uchaguzi.

Mfano mwingine unagusa ndoa. Mtafiti Emma Riley alifanya kazi na shirika la BRAC Uganda, ambalo hukopesha wanawake wenye biashara ndogo. Wanawake wengine walipewa mkopo wao taslimu kama kawaida. Wengine walipewa mkopo ule ule, kiasi kile kile, lakini ukatumwa kwenye akaunti ya simu iliyofunguliwa kwa ajili ya biashara. Baada ya miezi 8, hao wa akaunti ya simu walikuwa na faida ya juu kwa asilimia 15 na mtaji wa juu kwa asilimia 11. Riba haikubadilika, na hawakupewa somo la uhasibu. Kilichobadilika ni kwamba fedha hazikuingia nyumbani zikiwa mkononi, mbele ya mume, shemeji na mahitaji ya kila aina. Waliofaidika zaidi ni wale waliokuwa wakibanwa zaidi na familia. Mtu wa benki anayedhani kazi yake inaishia kwenye dirisha la malipo angepaswa kuisoma kazi hii polepole, kwa sababu inaonesha kwamba njia ambayo mkopo unamfikia mama inaweza kuwa na uzito kuliko riba anayotozwa.

Jambo la namna hiyo lilijitokeza kwa kinyume Julai 2018, serikali ilipoweka kodi ya asilimia 1 kwenye kuweka, kutuma na kutoa fedha za simu. Kwenye karatasi hesabu ilikuwa safi. Watu wakarudi kwenye noti, malalamiko yakajaa, na kufikia Novemba mwaka huo huo kodi ikapunguzwa hadi asilimia 0.5 kwenye kutoa fedha peke yake.

Kinachokwamisha

Kama kazi hii ni nzuri hivi, mbona ni chache? Sababu ya kwanza iko ndani ya vyuo. Mhadhiri hupandishwa cheo kwa makala zilizotoka katika majarida ya taaluma yake. Mhasibu aliyeandika na mtaalamu wa samaki hujikuta akieleza mbele ya kamati ni kiasi gani cha makala ni chake, na kama jarida la uvuvi linahesabika kwa mhasibu. Kwa kijana mwenye mkataba wa miaka michache, usalama ni kubaki kwenye chumba chake. Sababu ya pili ni fedha. Utafiti mwingi umelipiwa na wafadhili wa nje, na anayelipa huja na swali lake. Serikali ilipoanza kuipa Makerere mfuko wa utafiti wa shilingi bilioni 30 katika mwaka wa fedha wa 2019/20, jambo kubwa kwa maoni yangu lilikuwa kwamba Waganda waliweza kupendekeza maswali yao wenyewe.

Sababu ya tatu haisemwi sana, nayo inatuhusu sisi wa Kiswahili. Utafiti huandikwa kwa Kiingereza, dodoso hutafsiriwa Kiganda kama kuna bahati, na mambo yameisha. Lakini mpaka wa Busia hufanya biashara kwa Kiswahili. Soko la Arua, penye Wakongo na Wasudan Kusini, hufanya hivyo pia. Mkimbizi wa Kongo aliyefungua duka la vitenge Nakivale au Kyangwali atajieleza kwa Kiswahili kuliko kwa lugha nyingine yoyote aliyoikuta hapa. Baraza la mawaziri liliidhinisha Julai 2022 Kiswahili kiwe lugha rasmi, na nchi inapokea wakimbizi zaidi ya milioni 1.5. Mtafiti anayemuuliza mama wa Busia kuhusu hatari za kuvusha mahindi, kwa lugha anayoiokoteza, atapata majibu mafupi ya adabu. Atakosa yale ya ndani: nani hupokea kitu kidogo, njia gani hupitwa usiku, na kwa nini kikundi cha wanawake kilivunjika. Na matokeo yakishachapishwa kwa Kiingereza, mama huyo hatayaona kamwe, ingawa ni maisha yake.

Wapo wanaoogopa kwamba kuchanganya taaluma kutatoa wahitimu wanaojua kidogo cha kila kitu na hawana ufundi hata mmoja. Hofu hiyo ina msingi. Mhasibu asiyejua kufunga hesabu hafai, hata kama ana huruma nyingi kwa wavuvi. Mafunzo mazuri humjenga mtu katika taaluma yake kwanza, kisha yanamfundisha kuwasikiliza wengine na kujua mahali ujuzi wake unapokoma. Wengine wanadhani hii ni kazi ya hisani. Fikiria taulo za kike za MakaPads, zilizobuniwa na mhandisi wa Makerere, Moses Musaazi, kutokana na mafunjo ya kinamasi. Kama zisingeuzwa, zingebaki kielelezo maabarani. Zilimfikia msichana kwa kuwa zilikuwa na kiwanda, bei na mnunuzi, na UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, ilizinunua kwa ajili ya wakimbizi. Faida ilikuwa chombo cha kazi hiyo.

Mzazi au mwanafunzi anayetaka kujua kama shule fulani inafanya kweli inachokitangaza anaweza kuuliza mambo machache siku ya kujiandikisha. Je, kuna somo lolote ambalo walimu wa vitivo viwili wanalifundisha wakiwa darasani pamoja na kulisahihisha pamoja? Je, tasnifu ya mwisho inaweza kusimamiwa na mtu wa kilimo au wa afya? Utafiti wa mwaka jana ulirudishwa wapi, kwa nani, kwa lugha gani? Anayejibiwa kwa brosha ajue amejibiwa nini.

Kazi ya kujaribia ipo, na inabisha hodi sasa. Katika mwaka wa kahawa wa 2023/24 Uganda iliuza nje zaidi ya magunia milioni 6, yenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 1, na mnunuzi mkubwa ni Ulaya. Umoja wa Ulaya ulipitisha 2023 sheria inayotaka kila gunia lithibitishwe kuwa halikutoka kwenye ardhi iliyokatwa msitu baada ya 31 Desemba 2020, pamoja na alama za mahali shamba lilipo. Utekelezaji umeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini sheria haijafutwa. Mkulima wa robusta wa Masaka ana nusu ekari. Pengine anailima juu ya mailo ya mtu mwingine, mfumo wa umiliki wa ardhi uliotokana na Mkataba wa Buganda wa 1900, na anaogopa kwamba anayekuja kupima shamba amekuja kumnyang'anya. Mkewe ndiye anayepalilia na kuvuna, ila jina litakaloandikwa ni la mume. Mamlaka ya kahawa iliyokuwa ikisimamia zao hilo tangu 1991 imevunjwa na kazi zake zimehamishiwa wizarani 2024. Kumwandikisha mkulima huyo kunahitaji mpimaji, mwanasheria wa ardhi, bwana shamba, mtu wa ugavi atakayelifuata gunia hadi Mombasa, na mtu wa uhasibu wa kusema gharama hizo zitakatwa kwenye kilo ya nani. Wanafunzi walioko mwaka wa kwanza leo ndio watakaoikuta kazi hiyo mezani wakihitimu.